Fani ya Kijiti: Kuvisoma Vyombo vya Kupimia Biwi la Mboji

Mwanafunzi wa fasihi hufundishwa mapema kwamba fani na maudhui havitengani. Umbo la shairi huamua ni jambo gani linaweza kusemwa ndani yake na kwa uzito gani. Sioni kwa nini kanuni hiyo iishie vitabuni. Chombo cha kupimia nacho kina umbo, na umbo hilo huamua mkulima ataliuliza biwi lake swali gani na atapata jibu la namna gani. Katika makala haya nataka kuvisoma kwa makini vyombo vichache ambavyo mtu hujitengenezea nyumbani kwa gharama ndogo ili afuatilie mboji inavyoiva: kijiti, ngumi, sufuria na mizani, mwanzi wenye kipimajoto, fimbo yenye vihisi, na chupa ya chai. Tumezoea kuvihukumu vyombo hivi kana kwamba ni vipimajoto vya watu wasio na fedha, vya kutumia mpaka kifaa halisi kipatikane. Hukumu hiyo haina haki. Vilivyo bora miongoni mwavyo ni bora kwa sababu umbo lake linafuata umbo la biwi lenyewe, na kwa sababu kila usomaji unamwachia mkulima kazi ya kufanya.

Tuanze na biwi, maana ndilo matini inayosomwa. Nchini Kenya, taasisi ya kilimo hai inayojulikana kama KIOF, iliyoanzishwa mwaka 1986, imekuwa ikiwafundisha wakulima wadogo mfumo wa tabaka unaofanana na ule unaofundishwa mahali pengi Afrika Mashariki. Chini kabisa huwekwa matawi na mabua magumu ili hewa ipite na maji yasituame. Juu yake hufuata nyasi kavu, majani mabichi, samadi, majivu kidogo na udongo wa juu wa shamba, na maji hunyunyizwa kadiri tabaka zinavyopanda. Mpangilio hurudiwa mpaka biwi lifikie kimo cha mita moja au moja na nusu, kwa upana wa kama mita 1.2, kisha hufunikwa kwa udongo na nyasi lisikauke.

Biwi lililopangwa hivyo si kitu kimoja. Vijidudu vinapoanza kula, joto hupanda, na ndani ya siku chache kitovu kinaweza kufika nyuzi 50 hadi 65 za sentigredi, huku kingo zikibaki karibu na joto la hewa ya nje. Maji hushuka na kujikusanya chini. Jua na upepo hukausha juu. Pale samadi ilipowekwa kwa wingi kuna moto mkali na harufu. Pale mabua yalipolala makavu hakuna kinachoendelea. Kwa hiyo swali la “biwi lina joto gani?” ni swali pungufu. Swali kamili huuliza: lina joto gani, mahali gani, likiwa na unyevu kiasi gani, na hewa inafika au haifiki? Chombo chochote tutakachokisoma tukipime kwa kipimo hicho.

Katika mfumo wa tabaka, biwi likiisha kujengwa, kijiti kirefu kilichochongwa ncha huchomekwa mshazari kutoka juu hadi chini. Siku kama tatu zikipita, huchomolewa. Kikitoka na joto, kazi imeanza. Kikitoka baridi, kuna kasoro katika mpangilio, maji au hewa. Maelekezo ni mafupi, na ufupi wake umewafanya wengi wayapite bila kuyatafakari. Hebu tuyatafakari kipengele kwa kipengele.

Kwanza, mshazari. Kijiti kilichosimama wima katikati kingepita tabaka zote, lakini kwenye mhimili mmoja tu. Kikilala mshazari kinaanzia ukingoni, kinakatiza kitovu na kuishia chini upande wa pili. Njia yake inakusanya kingo, moyo na kitako kwa pamoja. Pili, urefu. Kwa biwi la vipimo nilivyotaja, kijiti cha karibu mita mbili ndicho kinachofaa: kinapita kote na bado kinabakiza mshiko nje. Kifupi kinachoishia sentimita 30 ndani kinapima ganda la biwi na kumhakikishia mkulima jambo lisilo kweli. Tatu, makazi. Kijiti hakiingii kupima kisha kikatoka, kinaishi humo. Mti hunywa maji kidogo kidogo, hushika rangi, hubeba harufu. Kwa hiyo kinachosomwa siku ya kukichomoa ni mkusanyo wa siku zote kilizokaa ndani. Hiyo ni nguvu, na ni udhaifu pia: mvua ikinyesha usiku, kijiti hakitakueleza asubuhi yake kwa ukamilifu.

Nne, mali. Inafaa kuwa mti mgumu, uliomenywa gome, wenye rangi nyeupe ya kuonyesha madoa. Mkaratusi na mwarobaini haifai, kwa kuwa harufu ya miti yenyewe itaifunika harufu ya biwi. Tena iwe mti, isiwe nondo. Wapo wanaoshauri nondo kwa sababu chuma hupata joto haraka, na hilo ni kweli. Lakini chuma hupitisha joto mara mamia kuliko mti. Joto la kitovu husafiri kando ya nondo na kuipasha hata sehemu iliyokuwa ukingoni, hivyo tofauti kati ya mahali na mahali hufifia. Mti huitunza tofauti hiyo kwa sababu ni mzito wa kupitisha joto. Nondo inakupa neno moja. Kijiti kinakupa sentensi nzima yenye mwanzo, kati na mwisho.

Sasa tukichomoe. Mvuke unatoka tunduni. Shika sehemu iliyokuwa nje, kisha shusha kiganja taratibu kuelekea nchani. Sentimita za mwanzo ni kavu na baridi, rangi ya mti haijabadilika. Unafika mahali ambapo mti umekuwa wa kahawia na kiganja kinapata unyevu wa jasho. Joto linaanza hapo, na linaongezeka mpaka unatamani kukiachia. Ukishuka zaidi joto linapungua tena, mti umekuwa mweusi na unateleza. Ukinusa katikati unapata harufu ya udongo baada ya mvua, na ukinusa nchani unapata harufu ya mayai viza. Hizo ni habari tatu zilizopangwa kwa mahali pake: ganda limekauka, moyo unafanya kazi vizuri, kitako kimekosa hewa. Hakuna kipimajoto cha dukani, hata cha bei kubwa, kitakachokupa habari ya tatu.

Wakati mwingine kijiti hutoka kikiwa na vumbi jeupe kama majivu. Mafunzo mengi huwaambia wakulima kwamba huo ni ukavu, waongeze maji. Ushauri huo ni sahihi mara nyingi, lakini haujitoshelezi. Weupe hutokana na kuvu na bakteria wanaojipanga kama nyuzi, ambao hustawi penye joto na hewa, nao ni sehemu ya kazi halali ya biwi. Weupe ukikutana na mti mkavu, maji yanahitajika. Ukikutana na mti wenye unyevu wa wastani na harufu ya udongo, liache biwi liendelee. Ndiyo maana ishara moja ya kijiti haisomwi peke yake. Husomwa pamoja na jirani zake, kama mhakiki asivyoitoa taswira moja nje ya ubeti wake.

Mfumo wa kupanga mabiwi kwa tabaka una historia katika eneo letu. Mtaalamu wa kilimo Albert Howard aliufanyia kazi huko Indore, India, na mwaka 1931 yeye na Yeshwant Wad wakachapisha kitabu kuhusu kugeuza mabaki ya shamba kuwa mboji. Mwaka 1933 mfumo wa Indore ulianza kutumika katika shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu. Katika maelekezo ya Howard kuna mtaimbo, ambao wafanyakazi waliuyumbisha huku na huku ndani ya biwi ili kutoboa matundu ya hewa. Kwa umbo, mtaimbo na kijiti ni ndugu: vyote ni virefu, vina ncha, vinazama. Kwa kazi vinatofautiana, kwa kuwa mtaimbo unafungua na kijiti kinauliza. Hata hivyo kijiti nacho, kila kinapochomolewa, huacha tundu ambalo hewa hupitia. Ni chombo ambacho kipimo chake kina manufaa kidogo kwa kile kinachopimwa, na sifa hiyo ni adimu.

Mpaka hapa nimekisifu, na sifa hizo nazisimamia. Lakini kijiti kina ukomo, na ukomo huo unatoka katika umbo lake lile lile. Kiganja hakijui namba. Tena hudanganywa na mali kinayoishika: chuma cha nyuzi 60 hukufanya uachie papo hapo, ilhali mti mkavu wa nyuzi hizo hizo unashikika kwa muda, na mti uliolowa uko kati ya hivyo viwili. Mtu anayeambiwa “ukishindwa kukishika, basi biwi limepita nyuzi 60” lazima aulize: kushika nini, nondo au mti? Kwa uendeshaji wa kila siku tofauti hiyo haina uzito mkubwa. Kwa usalama ina uzito sana.

Mbegu za magugu, vimelea vya maradhi na mayai ya minyoo havifi kwa uvuguvugu. Kanuni za Shirika la Mazingira la Marekani za mwaka 1993 kuhusu tope la majitaka zinataka biwi la mstari lidumu kwenye nyuzi 55 au zaidi kwa siku 15, likipinduliwa mara tano katika muda huo, ili kila sehemu ya nje ipate zamu ya kuingia motoni. Ziliandikwa kwa ajili ya viwanda vikubwa, lakini zinatufundisha umbo la ushahidi unaotakiwa: joto, muda na mgeuzo, vyote vitatu pamoja. Anayetumia samadi ya nguruwe au kinyesi cha kuku, kisha akapanda mboga za kuliwa mbichi, anahitaji kujua kama 55 ilifikiwa. Kwa swali hilo kijiti hakitoshi. Kwa upande wa juu pia, biwi likikaribia nyuzi 70 vijidudu vingi vinavyofanya kazi huanza kufa, na kiganja hakiwezi kuitenganisha 62 na 70.

Kabla ya kuijia namba, tukisome chombo kisichohitaji hata mti: ngumi. Chukua mboji ya kujaza kiganja kutoka ndani ya biwi, siyo ya juu, uiminye kwa nguvu. Maji yakitoka mfululizo, imelowa kupita kiasi. Yakitokea matone mawili matatu kati ya vidole na bonge likabaki na umbo ukifungua mkono, unyevu uko kwenye asilimia 50 hadi 60, na hapo ndipo panapotakiwa. Bonge likivunjika mara moja na kiganja kikabaki kikavu, ongeza maji. Uzuri wa ngumi ni kwamba inauliza swali la vijidudu vyenyewe. Vijidudu huishi katika utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe. Nafasi kati ya chembe na chembe lazima ibaki na hewa. Ukiminya unajaribu kuyatoa maji yaliyojaza nafasi za hewa. Yakiwapo mengi, yatachuruzika. Yakiwapo ya utando tu, yatakataa kutoka. Hivyo ngumi hupima maji na hewa kwa tendo moja.

Udhaifu wake ni kwamba ngumi za watu si sawa, na vitu navyo havifanani. Maranda huficha maji ndani ya nyuzi zake na kuonekana makavu. Machicha ya nazi na mabaki ya soko huachia maji mapema. Dawa yake ipo jikoni. Pima gramu 100 za mboji kwenye mizani, itandaze katika sufuria pana au sinia, ianike juani kisha imalizie juu ya moto mdogo sana bila kuiunguza, ukiipima tena na tena mpaka uzito usishuke. Ikibaki gramu 45, maji yalikuwa gramu 55, yaani asilimia 55. Maabara hufanya hivyo hivyo ndani ya oveni ya nyuzi 105. Kipimo hiki ni cha polepole, na wala hakikusudiwi kufanywa kila siku. Kazi yake ni kuifundisha ngumi: minya, kadiria, kausha, linganisha. Ukirudia kwa vitu unavyotumia mwenyewe, mkono wako unapata kipimo chake. Hapa chombo kimoja kinakifundisha kingine, na huo ni uhusiano wa kifani ambao seti ya vifaa vya dukani haina.

Vile vipima unyevu vya bei nafuu, vyenye miguu miwili ya chuma na sahani yenye mshale, havifai katika biwi. Hupima jinsi umeme unavyopita kati ya miguu, kisha huuita unyevu. Mboji ya samadi ina chumvi nyingi, na chumvi hupitisha umeme, kwa hiyo mshale huruka upande wa maji hata pale mboji inapohitaji kumwagiliwa. Penye mapengo ya hewa miguu haigusi kitu, na mshale huanguka upande wa ukavu. Umbo lake linajibu swali tofauti na lile lililoandikwa kwenye sahani. Nitachagua ngumi daima.

Sasa namba. Njia rahisi ya kuipata ni mwanzi. Kata mwanzi wa mita moja na zaidi, toboa vifundo vyake kwa nondo iliyopashwa moto, toboa matundu madogo kando ya ncha ya chini, kisha uuzamishe mpaka kitovuni. Ndani yake teremsha kwa kamba kipimajoto cha kioo cha maabara, chenye kipimo cha hadi nyuzi 100. Kile cha hospitali kisitumike kamwe, kwa kuwa huishia nyuzi 42 au karibu na hapo na kinaweza kupasuka. Ziba mdomo wa mwanzi kwa kitambaa. Kitambaa hicho ni sehemu ya chombo, maana bila kizibo mwanzi unageuka bomba la moshi: hewa ya moto inapanda, ya baridi inashuka, na unachopima ni mchanganyiko wa hizo mbili.

Kuna kasoro nyingine iliyofichika. Unapokivuta kipimajoto ili ukisome, kinapoa njiani. Vituo vya hali ya hewa vilikwisha kutatua tatizo hili katika vipimajoto vya udongo vinavyoning'inizwa ndani ya mabomba: kichwa cha kipimajoto huzamishwa katika nta, ili joto lisibadilike haraka kinapotolewa. Kwetu nta haifai, kwa sababu nta nyingi huyeyuka kabla biwi halijafika kileleni. Weka badala yake kichupa kidogo cha mafuta ya kula, kichwa cha kipimajoto kikiwa kimezama humo, au kizungushie donge la udongo wa mfinyanzi. Subiri angalau robo saa kabla ya kusoma. Mabadiliko hayo madogo, kitambaa na kichupa, ndiyo yanayotenganisha mwanzi unaosema kweli na mwanzi unaopunguza nyuzi kadhaa bila mkulima kujua.

Hata ukikamilika, mwanzi hutoa namba moja ya mahali pamoja. Uusogeze juu na chini, ukatae kuridhika na kituo kimoja. Hapo namba inarudishiwa urefu wa kijiti.

Vijana wengi wenye ufundi wa umeme watapenda kuanza na vihisi, na sina sababu ya kuwazuia. Kihisi kiitwacho DS18B20, kinachouzwa kikiwa kimefungwa ndani ya bomba dogo la chuma kisichoshika kutu, hupima kwa usahihi wa nusu nyuzi kati ya nyuzi 10 chini ya sifuri na 85 juu yake. Kila kimoja kina namba yake ya utambulisho, kwa hiyo vingi vinaweza kutumia waya mmoja wa data, na bodi ndogo ya kielektroniki ikaandika joto kila baada ya dakika kadhaa, usiku na mchana. Hilo kijiti hakiwezi. Lakini namna wengi wanavyokipanga ndiyo inayonisikitisha: kihisi kimoja, kitovuni, na mchoro mzuri unaopanda na kushuka kwenye simu. Wamenunua uwezo wa muda wakaupoteza uwezo wa mahali. Umbo linalostahili ni fimbo yenye vihisi vitatu, kwa mfano sentimita 20, 50 na 80 kutoka juu, ichomekwe mshazari. Yaani teknolojia mpya ivae umbo la zamani, kwa sababu umbo hilo lilikuwa limelielewa biwi.

Hata fimbo hiyo ya vihisi vitatu inakwama penye jambo zito kuliko yote katika ufuatiliaji wa mboji: joto likishuka, limeshuka kwa nini? Sababu kuu ni tatu. Huenda maji yamekwisha na vijidudu vimelala. Huenda hewa imekwisha, kwa kuwa maji yamejaza nafasi zake au biwi limeshindiliwa na uzito wake. Huenda chakula laini kimekwisha na mboji inaelekea kukomaa. Katika mchoro wa joto, visa hivyo vitatu vyaweza kuonekana kama mstari ule ule unaoshuka, ilhali tiba zake zinapingana. Cha kwanza kinataka maji. Cha pili kinataka kupinduliwa na kuongezwa mabua makavu, na ukimwagia maji unakiua kabisa. Cha tatu kinataka subira. Anayesoma namba pekee atabahatisha.

Kijiti hakibahatishi. Mti mkavu wenye vumbi: maji. Mti uliolowa unaonuka mayai viza: hewa. Mti wenye unyevu wa wastani, rangi ya kahawia iliyokolea na harufu ya udongo: pindua mara moja kama jaribio, joto likirudi, bado kuna chakula, lisiporudi, mboji inakaribia. Harufu ya mkojo inayochoma pua ni habari ya nne: naitrojeni ni nyingi kuliko kaboni, nayo inatoroka hewani, basi changanya nyasi kavu, mabua au maranda. Uwiano unaotafutwa mwanzoni ni kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa naitrojeni sehemu moja, na pua ndiyo inayotangulia kutoa taarifa uwiano huo ukivunjika. Kwa hiyo namba na kijiti havishindani. Namba huonyesha kwamba jambo limetokea na limefikia kiasi gani. Kijiti huonyesha ni jambo gani.

Vyombo hivi vyote vinahitaji daftari. Safu za tarehe, kina, joto, unyevu wa ngumi na harufu ni za kawaida. Safu inayosahaulika ni ya mwisho: nilichofanya. Bila safu hiyo daftari ni orodha ya hali ya hewa ya biwi. Ikiwapo, daftari linakuwa masimulizi yenye sababu na matokeo. Joto lilishuka, nikaongeza lita kadhaa za maji na kupindua, siku ya pili likapanda. Hapo mkulima anaweza kujifunza kutoka kwa biwi lililopita na kulijenga lijalo vizuri zaidi.

Mwisho wa safari kuna swali la ukomavu, na chombo chake kizuri kimo karibu katika kila nyumba inayokunywa chai. Maabara huitumia chupa maalumu isiyopitisha joto kupima kama mboji bado ina uwezo wa kujipasha. Chupa ya chai yenye mdomo mpana, isiyotumika tena mezani, hufanya kazi hiyo kwa kiasi cha kutosha. Chekecha mboji kuondoa vipande vikubwa, irekebishe unyevu kwa ngumi, ijaze bila kuishindilia, ingiza kipimajoto hadi chini, na uache mdomo bila kuubana ili hewa iingie. Soma kila siku kwa muda wa wiki hivi, chupa ikiwa kivulini ndani ya nyumba. Joto lisipopanda zaidi ya nyuzi 10 juu ya joto la chumba, mboji imetulia. Likipanda nyuzi 20 au zaidi, bado inafanya kazi. Irudishwe kwenye biwi.

Fani ya chombo hiki ni kinyume cha kijiti. Kijiti kinaingia ndani ya biwi lilivyo, na kingo zake, upepo wake na mvua yake. Chupa inalitoa biwi katika mazingira yake, inaondoa upotevu wa joto, na kuuliza: ukilindwa kabisa, bado una moto? Ndiyo maana inaweza kukamata udanganyifu wa biwi dogo, ambalo hupoa mapema kwa sababu tu ni dogo, likaonekana limeiva. Lakini chupa nayo hudanganywa na ukavu: mboji mbichi iliyokauka haitapanda joto, na itapita mtihani isiostahili. Kwa hiyo ngumi lazima itangulie. Wenye shaka waongeze jaribio la mbegu: mchicha au mboga nyingine iotayo upesi, nusu kwenye mchanganyiko wenye mboji hiyo na nusu kwenye udongo wa kawaida. Miche ikinyauka au ikichelewa upande wa mboji, isubiriwe.

Nikiviweka vyombo hivi mbele ya mafundi na wakufunzi wa kilimo, nataka vihukumiwe kwa maswali matatu badala ya bei. Je, kinasoma biwi kwa mahali pake, au kinalifanya lote kuwa kitu kimoja? Je, kinatenganisha sababu zinazofanana kwa sura? Je, mkulima akimaliza kukisoma anajua afanye nini? Kijiti kinafaulu yote matatu, kinakosa namba tu. Ngumi inafaulu la pili na la tatu pale mkono ulipofundishwa. Mwanzi na fimbo ya vihisi hufaulu la kwanza vikitengenezwa kwa uangalifu, na huziba pengo la namba kwa ajili ya usalama. Chupa ya chai ina swali lake moja na inalijibu vizuri. Anayeanza leo aanze na kijiti na ngumi, afuatishe mwanzi, kisha vihisi akipenda. Na anayefundisha asiwaambie wakulima kwamba kijiti ni cha kutumia mpaka watakapopata kipimajoto. Awaambie kwamba siku watakapokipata, kijiti kibaki humo humo ndani ya biwi.